Chungu cha Noeli na Mutu Asiyeweza Kula Ngano

Ndugu musomaji, siku za Noeli na Mwaka Mupya zinakaribia. Katika nyumba nyingi watu wamekwisha kuhesabu kuku, wamekwisha kuuliza bei ya muchele, na watoto wanaulizana kila siku kama mukate utakuwapo. Jamaa wanarudi kutoka mbali, nyumba inajaa, na vicheko vinasikiwa hata kwa jirani. Ni jambo la furaha. Lakini kitabu hiki kidogo ni cha kufundisha juu ya afya, kwa hiyo nataka kusema nawe juu ya mutu mumoja anayekaa kwa chakula kile na woga. Ni yule ambaye munganga amemukataza kula ngano.

Labda utanijibu upesi: “Kwetu hakuna mutu wa namna ile.” Ngoja kidogo. Mimi pia nilisema hivi, mimi ninayefanya kazi ya uuguzi tangu miaka mingi, na nilikosa.

Jambo lililotokea kwetu

Dada yangu mukubwa anakaa Ubelgiji pamoja na mume wake. Binti yao alikuwa mugonjwa tangu utoto. Tumbo lilivimba, alihara mara kwa mara, hakurefuka sawa na watoto wengine, na damu yake ilikuwa kidogo. Wanganga wa kule walipima damu yake, kisha wakatazama kipande kidogo cha utumbo wake. Wakasema: “Mutoto huyu ana ugonjwa wa seliaki. Asile tena ngano, wala shayiri, hata siku za maisha yake.” Akaacha mukate, na kwa miezi michache akaanza kuwa mutoto mwingine.

Alipokuwa na miaka kumi na sita, alikuja kwetu kwa Noeli. Dada aliniandikia barua mbele, akanieleza kila kitu. Nikaisoma, nikaiweka katika kabati. Sikumwambia mama yetu, ambaye watoto wote wanamwita Koko. Nilifikiri: “Koko ni muzee, hatafahamu maneno haya ya Ulaya.”

Siku ya Noeli Koko alileta mandazi. Alikuwa ameuza maharagi yake sokoni, akanunua unga wa ngano kwa feza yake mwenyewe, akayapika usiku kwa ajili ya mujukuu ambaye hakumuona tangu miaka nane. Akamupa kwa mikono miwili. Watu wote wakatazama. Binti akanitazama mimi, kwa maana alijua kwamba mimi ninajua. Nami nikasema nini? Nikasema: “Kula kidogo tu, usimuhuzunishe Koko.”

Akala. Jua lilipokuwa halijashuka bado, alianza kutapika. Akahara usiku wote, tumbo likimukata. Siku nne alilala kitandani, na wakati wote wa kukaa kwake hakuwa na nguvu tena. Lakini haikuisha hapo. Jirani walianza kuuliza ni nani aliyepika. Mumoja akataja neno la sumu. Mwingine akataja jina la muke wa kaka yangu, kwa sababu yeye ndiye alisaidia Koko kukanda unga. Karibu jamaa yetu ivunjike kwa jambo ambalo mimi nilikuwa nalo katika barua, ndani ya kabati.

Ndipo nikaeleza. Koko akanyamaza murefu, kisha akaniuliza: “Kwa nini hamukuniambia? Mimi ningepika ndizi.”

Neno lile la Koko ndilo neno langu lote kwa kurasa hizi. Ninaamini kwamba kazi ya kumulinda mugonjwa siku ya karamu si ya mugonjwa peke yake. Ni kazi ya nyumba nzima, na zaidi ya wale wanaopika na wale wanaojua. Tena kwetu kazi hii si nzito kama watu wanavyofikiri.

Ugonjwa huu ni nini?

Ndani ya ngano kuna kitu kinachonata. Ukikanda unga wa ngano na maji, unaona donge linavutika kama mupira. Kile kinachovutika ni gluteni. Shayiri ina kitu cha namna ile, na vile vile nafaka moja ya inchi za baridi inayoitwa kwa Kifaransa seigle. Kwa watu wengi gluteni si kitu kibaya. Wanakula na kuwa wazima. Lakini kuna watu ambao walinzi wa mwili wao wanakosea wakati gluteni inapofika. Wanapigana, na mahali pa vita ni ukuta wa utumbo mwembamba.

Ukuta ule unafanana na kitambaa chenye nyuzi ndogo sana zilizosimama. Nyuzi hizi ndizo zinazopokea nguvu ya chakula na kuiingiza katika damu. Kwa mugonjwa wa seliaki nyuzi zinalala na kuharibika. Anakula, lakini chakula kinapita bure. Kwa hiyo mutoto anakonda na tumbo lake linavimba. Mutu mukubwa anakosa damu, mifupa yake inakuwa mizaifu, wengine wanapata vipele vinavyowasha sana, na wanawake wengine wanakawia kupata mimba.

Hakuna dawa ya kumeza kwa ugonjwa huu. Dawa ni moja tu: kuacha ngano, shayiri na seigle kabisa, siku zote. Mugonjwa akifanya hivi, kwa watu wengi nyuzi zile zinasimama tena na nguvu inarudi. Akivunja sheria hii siku moja, hata kama siku ile ni Noeli, utumbo haujui kwamba ni siku kuu.

Ulijulikana namna gani?

Ni vizuri ujue habari hii, kwa sababu inatuhusu sisi watu wa ndizi. Mwaka 1924, munganga Sidney Haas wa New York alianza kuwatunza watoto wa ugonjwa huu kwa kuwapa ndizi nyingi na kuwakataza mukate. Watoto wakapona, na watu wakasema ndizi ni dawa. Lakini nguvu haikuwa katika ndizi. Nguvu ilikuwa hii: mutoto anayeshiba ndizi hali mukate.

Kule Uholanzi kulikuwa na munganga wa watoto, Willem-Karel Dicke, katika muji wa Den Haag. Mbele ya vita ya pili ya dunia alikuwa amekwisha kufikiri kwamba ngano ndiyo inayowaumiza. Kisha ikaja baridi kali ya mwaka 1944 na 1945, wakati Wajerumani walipokuwa wakishika inchi ile. Chakula kikakosa, mukate ukakosa, watu wakala hata mizizi ya maua. Watu wengi walikufa kwa njaa. Lakini watoto wale wa ugonjwa wa tumbo, walipokosa mukate, wakapata nafuu. Vita ilipokwisha, mukate ukarudi, watoto wengine wakafurahi, nao wakaanza tena kuhara. Dicke akaandika mambo haya katika kitabu chake cha masomo kwa chuo kikubwa cha Utrecht, mwaka 1950. Kisha yeye na wenzake wakaonyesha kwamba ubaya uko katika gluteni.

Ona basi: mukate ulikuwa alama ya amani na furaha kwa inchi nzima, na kwa watoto wale ulikuwa ugonjwa. Kitu kimoja, siku moja, kwa watu wawili si kitu kimoja.

Maneno yanayosemwa wakati wa chakula

Nimesikia maneno manne mara nyingi. Nataka kujibu moja moja.

Neno la kwanza: “Huu ni ugonjwa wa Wazungu.” Hapana. Ni kweli kwamba katika Ulaya karibu mutu mumoja kati ya watu 100 ana ugonjwa huu. Lakini mwaka 1999 wanganga waliandika juu ya watoto wa Wasahrawi, watu wa jangwa la Sahara upande wa magharibi. Kati ya watoto 100 waliopimwa, zaidi ya watano walikuwa na seliaki. Watu wale ni wa Afrika, na chakula chao cha kila siku kimekuwa ngano. Ugonjwa huu unaonekana mahali ambapo ngano inaliwa. Siku hizi katika miji yetu mukate unaliwa asubuhi, makaroni muchana, na biskuti njiani. Tusiseme hauwezi kufika kwetu.

Neno la pili: “Kidogo tu hakidhuru.” Hili ndilo neno nililosema mimi, nalo ni baya kuliko yote kwa sababu linasemwa kwa upendo. Mwaka 2007 wanganga wa Italia walionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, zinatosha kuumiza utumbo wa mugonjwa. Kipande kimoja cha mukate kina karibu miligramu 2000, na mara nyingi kinapita hesabu hiyo. Kata basi kipande kile mafungu arobaini. Fungu moja, kila siku, linatosha. Wewe ukiona makombo yaliyobaki mezani, unayapangusa kwa mukono. Kwa mugonjwa wa seliaki yale makombo si kitu kidogo.

Neno la tatu: “Anajivuna. Amekaa Ulaya, sasa anadharau chakula chetu.” Lakini fikiri vizuri. Chakula chetu ni kipi? Je, ngano ni ya babu zetu? Ni kweli, inalimwa kwa nyanda za juu kama kule Lubero, lakini katika sehemu nyingi za inchi yetu unga wa ngano unafika kwa gunia kutoka mbali. Bugali, ndizi, muhogo, viazi, mutama, ulezi, maharagi, sombe, samaki na nyama, hivi vyote havina gluteni hata kidogo. Mugonjwa huyu hakatai chakula cha Koko. Anakataa chakula cha duka.

Neno la ine: “Tumuombee, kisha ale.” Tumuombee, ndiyo. Lakini mutu aliyevunjika muguu, tunamuombea, na hatumwambii aruke siku ileile. Munganga ametoa shauri. Kulifuata si kukosa imani.

Shida ya kweli ni heshima

Nimefikiri sana kwa nini jambo hili ni gumu, na nimeona kwamba ugumu hauko jikoni. Uko katika heshima. Kwetu mukate na mandazi ni chakula cha siku kubwa. Mama aliyeweka feza miezi miwili ili anunue unga wa ngano anatoa moyo wake pamoja na unga ule. Mutu akisema “hapana, aksanti,” ni kama anarudisha moyo. Na kijana hawezi kumukatalia muzee mbele ya watu. Anaona afazali kuumwa kuliko kukosa adabu.

Kwa hiyo si haki kumwachia mugonjwa mwenyewe kazi ya kukataa. Mutu mukubwa wa nyumba aseme mbele yake. Baba, au mama, au mujomba, awaambie jamaa siku chache mbele ya karamu: “Mutoto wetu huyu ana ugonjwa wa utumbo. Munganga amemukataza ngano. Mutu yeyote asimupe mukate, wala mandazi, wala biskuti. Tumekwisha kumupikia.” Maneno haya yanatosha. Yanamwondolea mutoto haya, yanamwondolea Koko huzuni, na kama mutu akiugua, hakuna anayeanza kutafuta mulozi.

Tena heshima inaweza kugeuzwa iwe musaada. Mwaka binti wa dada yangu aliporudi mara ya pili, Koko alifanya jambo ambalo hakuna kitabu kilichomufundisha. Mbele ya kufungua sufuria kwa watu wote, alimwita mujukuu wake, akamupakulia yeye kwanza kwa mukono wake mwenyewe. Ndizi, kuku, sombe, wali. Kisha akasema: “Sasa wengine.” Baba wadogo walishangaa, kwa maana kwetu wanaume na wageni ndio wanaotangulia. Lakini nani angemukatalia Koko? Na kwa kufanya hivi, chakula cha binti kilitoka katika sufuria mbele ya mutu yeyote kuingiza kijiko kilichogusa mandazi. Yule aliyekuwa na haya mwaka wa kwanza, sasa alikuwa mwenye kuheshimiwa.

Usimupikie kando kitu kidogo kisicho na ladha, ukamukalisha peke yake kama mutu wa kuambukiza. Ugonjwa huu hauambukizi. Afazali chakula cha nyumba nzima kiwe kile ambacho yeye pia anaweza kula. Kama watu wanataka sana mandazi, mandazi yaje mwisho, kwa meza ingine, pamoja na chai.

Mambo ya kuangalia jikoni

Mama mupishi, soma sehemu hii polepole, kwa sababu hapa nia njema peke yake haitoshi.

1. Mafuta. Mafuta yaliyokaanga mandazi au sambusa yana unga ndani yake. Ukikaanga ndizi katika mafuta yale, ndizi zimekwisha kuharibika kwa mugonjwa. Kaanga ndizi kwanza, katika mafuta mapya, kisha mandazi.

2. Samaki na nyama. Wapishi wengine wanapaka samaki unga wa ngano mbele ya kukaanga. Wengine wanatia mukate katika nyama ya kusaga ili kutengeneza vidonge vya nyama. Tumia unga wa mahindi au wa muhogo.

3. Muchuzi. Usitie kijiko cha unga wa ngano ili muchuzi uwe muzito. Karanga zilizosagwa zinafanya kazi ile, na ladha ni nzuri kuliko.

4. Viungo vya duka. Soma karatasi ya vile vipande vidogo vya kukoleza supu, na ya soseji, na ya mikebe. Ukiona maneno blé, froment, orge, seigle au malt, acha. Ukiona wameandika sans gluten, unaweza kununua, lakini vitu hivi ni vya bei kali na siku ya Noeli hamuvihitaji.

5. Unga. Kama mashine ya kusaga imesaga ngano, unga wa mahindi unaofuata unachukua ngano pamoja nao. Uliza mwenye mashine, au saga nyumbani. Na uji wa kuchanganya, ule wa mahindi, soya na mutama, watu wengine wanautia ngano. Uliza vile vile.

6. Mukate wa muhogo. Jina linaweza kukudanganya, kwa maana wachoma mukate wengine wanachanganya unga wa muhogo na ngano. Mutu asipokuambia wazi kilichomo, usimupe mugonjwa.

7. Vyombo. Osha sufuria, mwiko na meza kwa maji na sabuni mbele ya kuanza. Usikoroge makaroni, kisha ukaingiza mwiko uleule katika maharagi.

8. Sahani moja. Watoto wetu wanapenda kula pamoja kwa sahani moja. Ni desturi nzuri. Lakini mukono ulioshika mukate unaacha makombo katika bugali. Kwa mutoto huyu, sahani yake iwe yake, akae katikati ya wenzake.

9. Vinywaji. Bia ya kiwanda inatengenezwa kwa shayiri. Vinywaji vingine visivyolevya vina malt pia, na watu wanawapa hata watoto wakisema vinaleta nguvu. Mupe maji ya matunda, au maji ya ndizi, au chai.

Chakula cha siku kuu bila ngano

Labda unauliza: “Basi tutapika nini?” Nitakujibu kwa kutaja yaliyokuwa kwa Koko mara ile ya pili. Kulikuwa kuku wa muchuzi wa karanga. Kulikuwa mbuzi wa kuchoma, mwenye chumvi, ndimu na pilipili tu. Kulikuwa sambaza za Ziwa Kivu, zilizokaangwa zikauke. Kulikuwa sombe, maharagi, wali, bugali wa muhogo na ndizi za namna mbili. Na kwa watoto, mahali pa mandazi, Koko aliponda ndizi mbivu, akachanganya na unga wa mahindi na wa muhogo, akakaanga vidonge vidogo. Vikaisha mbele ya mandazi ya jirani. Hakuna mutoto aliyeuliza mukate uko wapi.

Hesabu feza sasa. Yeye hakununua kitu chochote kutoka mbali. Mwaka wa mandazi alitumia feza nyingi kuliko mwaka wa ndizi.

Neno kwa mugonjwa mwenyewe

Wewe uliyekatazwa ngano, nina neno kwako pia. Usifiche. Adabu haikuombi ujiumize. Mwambie mwenye nyumba mbele, si wakati sahani iko mkononi mwako. Mwambie kwa upole, ukitaja vitu unavyoweza kula kabla ya kutaja vile usivyoweza, maana mama anayesikia “ninakula ndizi, muchele, kuku na maharagi” anatulia moyoni. Enda jikoni, saidia kumenya ndizi, na kwa njia hiyo utaona kinachoingia katika sufuria. Kama unaenda mahali usipowajua watu, kula nyumbani kwanza, au chukua chakula chako katika kitambaa. Na mutu akikosea bila kujua, usimukasirikie. Mufundishe.

Kuna mahali pengine ambapo jambo hili linagusa wewe ulio Mukristo, nayo ni Meza ya Bwana siku za Noeli. Kipande kile ni kidogo, lakini umekwisha kusoma juu ya fungu moja kati ya arobaini. Usikae nyumbani kwa haya, wala usile kwa woga. Enda kwa muchungaji mbele ya siku ile, umweleze. Kipande kilichotengenezwa kwa muhogo au muchele, kilichowekwa kwa kisahani chake peke yake, hakitamupa mutu muzigo. Na kama watu wanachovya mukate katika kikombe kimoja, omba upewe kikombe mbele yao.

Angalisho kwa wazazi wote

Sasa ninasema na wale ambao hawajapimwa, na maneno haya ni ya lazima. Usisome kurasa hizi, kisha ukamunyima mutoto wako mukate kwa sababu tumbo lake limevimba. Kwetu tumbo la kuvimba na kuhara kunatoka mara nyingi kwa minyoo, kwa maji machafu, kwa kifua kikuu, au kwa kukosa maharagi, samaki, mayai na nyama. Mutoto aliyevimba miguu na nywele zake zikawa nyekundu anahitaji chakula zaidi, si kupunguziwa. Mulete kwa hospitali.

Tena, kama unashuku ngano, usiache kuila mbele ya kupimwa. Damu inapimwa vizuri wakati mutu angali anakula ngano. Akiiacha kwanza, alama zinaondoka polepole, na munganga anaweza kudanganyika. Njoo kwanza, pimwa kwanza, kisha fuata shauri.

Na mutu mwenye afya, asiyekatazwa na munganga, ale mukate wake kwa shukrani. Hatupigani na mukate.

Mwisho

Barua ya dada yangu ingali katika kabati langu. Ninaisoma tena kila mwaka mwezi wa kumi na mbili, ili nisisahau neno nililomwambia mutoto yule. Nilitaka Koko asihuzunike, na nilimuhuzunisha kuliko wote, kwa sababu alijua nyuma kwamba mandazi yake ndiyo yaliyomulaza mujukuu wake kitandani.

Ndugu musomaji, kama katika jamaa yenu kuna mutu aliyekatazwa chakula, iwe ngano, iwe sukari kwa mugonjwa wa kisukari, iwe chumvi kwa mwenye damu ya kupanda, usingoje siku ya karamu. Enda leo kwa yule anayeshika mwiko, umwambie. Wazee wetu wanaweza kufahamu zaidi ya tunavyofikiri. Wanangoja tu tuwaambie.